Kitu Kilichozoea Mkono

Pini ya mkanda wa saa yangu ilikatika Alhamisi jioni, nikiwa juu ya ngazi natafuta maboksi ya dripu rafu ya mwisho. Saa ikadondoka sakafuni, ting! Nikashuka mbio kama mtu aliyeangusha mtoto.

Haikuvunjika. Lakini mkono wangu ulibaki mtupu, na mimi siwezi kulala mkono ukiwa mtupu. Ndiyo maana nilikwenda kwa fundi saa jioni ileile badala ya kusubiri Jumamosi.

Mimi ni mtunza stoo ya dawa. Kazini wananiita Mifuko, maana kila gauni langu fundi cherehani hulishonea mifuko minne, hata yale ya harusini. Mfuko wa kulia, kisu cha kukunja cha kukatia maboksi. Wa kushoto, tochi ndogo ya kusomea tarehe za dawa zilizojificha nyuma ya rafu. Kwenye kifua, kalamu ya chuma, nzito, wino mweusi. Wanawake wenzangu wanapenda viatu. Mimi nikiona kisu kilichotengenezwa kwa akili, bawaba haina mchezo, makali yamekaa sawa, mate yananitoka. Nicheke ukitaka. Kila mtu ana ugonjwa wake.

Wa kwangu niliambukizwa na kaka yangu. Alikuwa fundi wa lifti, na alikuwa na msemo wake: mtu asiye na kisu, tochi na kalamu ametoka nyumbani nusu uchi. Jumapili tulikuwa tunamwaga vya mifukoni juu ya meza yake, tunalinganisha, tunatia mafuta, tunabishana. Wifi yangu akipita na kapu la nguo anasema, "Haya, waganga wamepanga tunguri zao." Tunacheka.

Nasema alikuwa, kwa sababu kaka alipotea mwaka mmoja na nusu kabla ya Alhamisi hiyo. Aliitwa kutengeneza lifti kwenye jengo la ghorofa nane. Mlinzi alimwona akiingia. Hakuna aliyemwona akitoka. Begi lake la spana lilikutwa mbele ya mlango wa lifti, zipu imefungwa vizuri. Polisi walishuka mpaka chini kabisa ya shimo na taa zao. Hawakukuta hata kifungo.

Sasa rudi na mimi kwa fundi saa.

Kibanda chake kiko kwenye ujia mwembamba nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Nilifika jua limezama lakini anga bado ina wekundu. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Kwenye kioo alibandika karatasi: NARUDI SASA HIVI. Nikasimama. Nikahamisha uzito mguu mmoja kwenda mwingine. Dakika tano. Kumi. Ujia ukaanza kuwa mweusi.

"Anakuja. Ingia ukae, binti."

Sauti ilitoka kwenye mlango wa pembeni. Siku zote niliuona umefungwa, nikidhani ni stoo. Sasa ulikuwa wazi nusu, na mwanga mweupe ulimwagika nje.

Niliingia. Sijui kwa nini. Labda miguu ilikuwa imechoka.

Chumba kilikuwa chembamba, hakina dirisha. Meza moja, viti viwili, taa moja. Nyuma ya meza alikaa mwanaume wa umri wa baba yangu, msafi, amevaa koti lenye mifuko mingi kuliko nguo yoyote niliyowahi kuona. Na mimi ni mtaalamu wa mifuko.

"Shikamoo," nilisema.

Hakuitikia. Alitabasamu tu.

Kisha nikasikia. Tik… tik-tik… tik… Ndani ya koti lile kulikuwa na saa. Si moja. Nyingi, kila moja na mwendo wake, kama mvua inayoanza juu ya bati. Na chumba kilinuka. Chini ya harufu ya mafuta ya mashine kulikuwa na harufu nyingine: jasho. Jasho la zamani, la watu wengi, kama godoro la wagonjwa. Lakini yeye mwenyewe, katika joto lile la chumba kisicho na dirisha, uso wake ulikuwa mkavu kama karatasi.

"Una nini mifukoni?" akauliza.

Ningeondoka. Naapa ningeondoka. Lakini kabla sijajibu, alianza kutoa vyake. Akatandika kitambaa cha kijani, akaweka kisu. Akaweka kingine. Kalamu ya mbao iliyolika pale kidole gumba kinapokaa. Mkasi mdogo wa kushona. Saa ya mfukoni yenye kifuniko. Vyote vilikuwa vya kazi, si vya maonyesho. Vimechakaa kwa uzuri, unanielewa? Kila mkwaruzo ulikuwa na sababu yake.

Tangu kaka aondoke sikuwa nimepata mtu wa kuongea naye lugha hii.

Nikatoa kisu changu.

Hakukitazama. Alikifungua, chak! akasikiliza, macho ameyafumba. "Springi hii si yake," akasema. "Kuna mtu aliibadilisha. Akaipa ya kufuli."

Ni kweli. Kaka aliibadilisha, Jumapili moja, na springi ya kufuli.

Basi tukaongea. Makali ya bapa na makali ya mviringo. Mwanga mpana na mwanga mwembamba. Kwa nini kalamu nzito haichoshi mkono. Nilicheka, nilipiga meza. Nilisahau fundi saa, nilisahau giza lililokuwa linakua nje. Ndipo akaingiza mkono mfuko wa ndani kabisa, upande wa moyo, akaweka tochi juu ya kitambaa.

Tochi ya chuma, urefu wa kidole cha kati. Imeviringishwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili isiteleze, na kwenye tyubu kuna mikato mitatu ya kisu.

Mikato ile niliikata mimi.

"Hii umeipata wapi?"

"Tulibadilishana."

"Na nani?"

"Na mwenyewe."

Tik-tik… tik…

"Yuko wapi?" Sauti yangu ilikuwa ndogo, kama ya mtu mwingine.

"Mimi nabadilisha vitu, binti. Watu sijui wanakokwenda." Akaisogeza tochi kidole kimoja kuja kwangu. "Unaitaka?"

Nilimwambia nitanunua. Akatikisa kichwa. Nikamwambia nina tochi mpya nyumbani, haijatolewa kwenye boksi, nitamletea. Akatikisa kichwa tena, taratibu, kama anamwonea mtoto huruma.

"Kipya nikifanyie nini? Nataka kilichozoea mkono."

Nikatazama vitu vyangu vitatu mezani. Kisu kina mkono wa kaka ndani yake. Tochi ndiyo macho yangu kazini. Kalamu… kalamu ni kalamu, nikajiambia. Nikajiona mjanja. Nikaisukuma kwake.

Aliipitisha chini ya pua. Akaipitisha tena, polepole, akivuta hewa. Mabega yakamlegea kama mtu aliyepata maji baada ya mwendo mrefu juani.

Na kwenye paji lake la uso, lile kavu kama karatasi, likachomoza tone.

Tone moja la jasho.

Nilikamata tochi, nikakusanya vilivyobaki, nikakimbia. Saa iliyokatika mkanda nilikuwa nimeishika ngumini ujia mzima, na mpaka leo ina alama ya kucha zangu.

*

Sikwenda kwangu. Nilikwenda kwa wifi.

Wifi yangu ni dobi. Anafulia nyumba za wageni, kwa hiyo sebule yake siku zote ina kamba zenye mashuka meupe, unapita umeinama kama uko ndani ya mawingu. Alikuwa anapiga pasi. Mtoto wao, tunamwita Kibonge, alikuwa amelala kwenye mkeka, mashavu kama maandazi. Huyu alizaliwa mdogo kama kiatu, hapumui sawasawa, madaktari wakasema tusimpe jina kwanza. Sasa mbavu zake huwezi kuzihesabu.

Nilimwonyesha tochi tu.

Aliitambua. Akaweka mkono mdomoni.

"Washa," akanong'ona.

Nikabonyeza swichi.

Mwanga ukapiga kwenye shuka lililokuwa mbele yetu. Duara jeupe, zuri, lenye ukingo mkali, kama ninavyoukumbuka.

Na katikati ya duara, kivuli.

Kivuli cha mtu mzima, amesimama. Nikageuka. Hakukuwa na mtu kati yangu na shuka. Nikasogeza tochi kushoto. Kivuli kikahama nayo. Nikazima. Hakuna. Nikawasha.

Yupo.

Kikainua mkono. Kikagusa kifuani. Kikagusa kiunoni. Kikagusa pajani. Kifuani… kiunoni… pajani. Haraka haraka, bila kupumzika, kama mtu aliyefika mlangoni kwake akakuta hana funguo.

Hivyo ndivyo kaka alivyokuwa akijipapasa kila asubuhi kabla ya kutoka.

"Baba Kibonge," wifi alisema.

Kivuli kikasimama. Kikageuza kichwa kuelekea sauti.

Moshi ukatufumbua macho. Pasi ilikuwa imeunguza shuka la watu. Wifi aliing'oa ukutani, akakaa chini palepale kati ya mashuka, akaanza kuzungumza bila mimi kumuuliza.

Aliniambia kwamba wakati Kibonge yuko hospitali, hapumui, kaka aliondoka jioni moja na kurudi bila kalamu yake. Asubuhi yake mtoto akanyonya kwa mara ya kwanza. Wiki iliyofuata homa ikapanda. Kaka akatoka, akarudi bila saa. Homa ikashuka. Halafu kisu. Na kila mara mtoto aliongezeka, yeye akapungua. Hakuweza tena kuandika jina lake. Wifi alilikuta daftari amejaribu sahihi yake kurasa nzima, mwisho zimekuwa mikwaruzo ya kuku. Alienda kazini usiku akidhani ni asubuhi. Alishindwa kukata hata mkate, mkono haukujua uanzie wapi.

"Nilimuuliza. Akasema mambo ya kazi." Akafuta uso kwa shuka lililoungua. "Wifi, alibakiwa na tochi tu."

Nikaifungua tochi ile, kwa mazoea. Mimi kitu kikinishinda nakifungua. Nikapindua kifuniko, nikaielekeza kiganjani ili betri ishuke.

Haikushuka. Ndani hamkuwa na betri.

Nilifunga. Nikabonyeza. Ikawaka.

*

Kesho yake kazini ulikuja mzigo wa chanjo. Dereva akanipa karatasi nisaini. Nikashika kalamu yake.

Akili ilijua jina langu. Mkono haukujua.

Nilibonyeza wino mpaka karatasi ikatoboka. Dereva akacheka, "Mifuko, leo umeamkia wapi?" Nikamwambia nimeteguka kidole. Niliweka dole gumba, kama bibi yangu aliyekuwa hajasoma. Nikaenda chooni, nikafungia mlango, nikajaribu kuandika herufi moja tu kwenye karatasi ya chooni. Moja. Jasho lilinitoka mpaka miguuni, na herufi haikutoka.

Jioni nilimweleza wifi yote, na nikamwapisha. "Usiende kule. Umenisikia? Anayekwenda kule harudi mzima."

"Nimekusikia," akasema. Alikuwa ameishika tochi. Kwenye shuka, kivuli kilikuwa kinajipapasa.

Sikugundua kwamba kusikia si kukubali.

Jumapili jioni alinipitia nyumbani na Kibonge. "Nishikie mtoto, wifi, napeleka mashuka ya watu. Sikawii." Alikuwa amejipaka mafuta, amefunga kilemba kizuri. Alimbusu mtoto kichwani, akavuta harufu ya nywele zake kwa muda mrefu, mpaka Kibonge akamsukuma. Akaondoka.

Niliosha vyombo vilivyo safi. Nilifungua dirisha, nikafunga, nikafungua. Saa moja kasoro robo simu ikalia. Namba nisiyoijua.

"Wewe ni dada wa yule fundi wa lifti?" Alikuwa mlinzi wa lile jengo la ghorofa nane. Alikuwa anahema. "Njoo. Njoo upesi. Lifti ilikwama ghorofa ya nne, tumeivunja mlango, tukakuta… Jamani. Yuko hai. Yumo ndani, amekaa chini, anatuuliza mbona tunapiga kelele."

Sijui nilipigaje ukelele, majirani walitoka. Nikambeba Kibonge, nikakimbia barabarani, na mbele ya geti nikagongana na wifi anarudi. Mikono mitupu. Tochi hana.

"Kapatikana!" nilimwambia. "Mume wako kapatikana, mzima!"

Aliketi vumbini palepale akalia, akacheka, akaita jina la Mungu. Machozi ya kweli. Furaha ya kweli. Nami nikalia. Kibonge naye, kuona watu wazima wanalia, akaangua kilio, akanyoosha mikono yote miwili kumwelekea.

"Mama! Mama!"

Wifi alinyanyuka, akajipangusa vumbi. Akaikwepa mikono yake. Akamshika bega kwa upole, vile unavyomshika mtoto wa watu sokoni.

"Masikini," akasema. "Huyu ni wa nani? Mpelekeni kwa mama yake, anamtafuta."

Nilidhani ni furaha imemvuruga. Niliangalia macho yake. Yalikuwa matulivu kabisa.

"Wifi," nikamwuliza, taratibu, "umempa nini yule mtu?"

"Nguo kuukuu tu, ili aifungue ile tochi," akajibu. "Ile mbeleko. Hata sijui nilikuwa naiweka ya nini."

*

Kaka alitoka hospitali siku ya tatu. Madaktari hawakuona kasoro. Ovaroli yake ilikuwa na grisi mbichi. Kwa hesabu yake aliingia ndani ya lifti ile, akakaa robo saa, tukamfungulia. Kibonge, aliyemwacha akinyonya, alimkuta anakimbia. Alimbeba, akamtazama, akamtazama mkewe aliyekuwa anamwandalia chai kwa uangalifu, kikombe kimoja tu, cha mume.

"Mtoto naye?" kaka aliuliza.

"Samahani, kweli, mgeni atangulie," wifi akajibu, akamwekea na mtoto, kwa adabu.

Nilihamia kwao. Mtu lazima awe na Kibonge. Usiku analia mlangoni kwa mama yake, na mama yake anatoka kuniamsha, anasema, "Wifi, mtoto wako analia."

Nilirudi kwenye ujia ule, mchana, na watu wakipita. Mlango wa pembeni ulikuwa wazi, chumba kitupu, kimefagiliwa. Fundi saa alikuwa kibandani kwake na lenzi jichoni.

"Yule mpangaji? Kahama Jumatatu. Mtu mtaratibu sana. Alikuwa ananunua kwangu saa za marehemu, hajali kama zinatembea." Akafungua droo. "Kaacha maelekezo ya anakohamia. Akasema kuna binti mwenye mifuko atakuja kuulizia."

Nilitaka kukataa. Nilipokea.

Ni karatasi ndogo. Mtaa, rangi ya mlango, ngazi za kushuka. Mwandiko ni mweusi, umelala kidogo kulia, na herufi ya mwisho ina mkia mrefu. Naujua. Niliandika hivyo maisha yangu yote.

Niliificha ndani ya kopo la unga, chini kabisa. Ningeichoma, na sijaichoma. Kila siku nasema kesho.

Kaka hakumbuki kitu, lakini si mjinga. Ameona mkono wangu ukikwama juu ya fomu. Amemsikia mkewe akimuuliza jirani kama anamjua mama wa yule mtoto mnene. Usiku anatembea sebuleni kati ya mashuka, huku na huku, huku na huku. Jana alisimama mbele yangu.

"Dada, kuna mtu alifanya hili. Na wewe unajua alipo."

"Sijui," nilimwambia.

"Nikienda mara moja tu, nikamrudishia mke wangu—"

"Sijui, kaka."

Alinitazama mpaka nikainamisha macho.

Leo asubuhi nimeingia jikoni kuchota unga wa uji wa Kibonge. Nimezamisha mkono. Karatasi ipo. Lakini mimi niliikunja mara nne, na hii imekunjwa mara mbili.

Nimetoka sebuleni taratibu, unga umenijaa mpaka kwenye kiwiko. Walikuwa mezani wote watatu. Kaka anakoroga chai. Wifi anapuliza yake. Kibonge amelala kifudifudi juu ya meza, anachezea kijiko. Hakuna aliyeinua uso.

Nikakaa nao. Nikawatazama mmoja mmoja, kwa makini, nikitafuta nani amepungua nini.